Mwalimu wa Maksai na Sanduku Lake la Vyombo

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Wajumbe wa vyama vya msingi siku ya sherehe ya miaka 10)



Habari za hesabu, za ghala na za mizani mmekwisha kuzisikia asubuhi kutoka kwa Mtunza Hazina, tena kwa ufasaha kuliko tuwezavyo sisi, wala hatuna haja ya kuzirudia. Halmashauri ilitutaka tuseme neno juu ya miaka 10 iliyopita. Tumefikiri, tukaona kwamba badala ya kuyasifu yote tuliyoyafanya, yafaa tulichukue jambo moja ambalo ofisi yetu ililifanya vibaya, na ambalo litaletwa tena mbele yenu leo alasiri ili mlipigie kura. Nalo ni jambo la kumchagua mwalimu wa kuwafunza ng'ombe wetu kazi.

Mgeni aliyetoka mjini huenda akashangaa kwamba siku ya sherehe kubwa kama hii tunasimama kusema habari za ng'ombe. Lakini huku kwetu Kanda ya Ziwa, pamba na mahindi mnayoyaleta ghalani yametoka katika mashamba yaliyolimwa na maksai. Mvua ya kwanza haimngoji mtu. Mwenye jozi iliyofunzwa vema hulima asubuhi akapanda kwa wakati. Mwenye jozi iliyofunzwa vibaya hushinda shambani akipiga kelele, na mfuo wake umepindapinda kama njia ya mlevi. Tena jozi iliyofunzwa vibaya hutaka watu watatu au wanne: mmoja ashike plau, mmoja awe ubavuni na fimbo, na mmoja atangulie mbele akivuta kamba. Huyu wa mbele, ndugu zetu, nyote mwamjua ni nani. Ni mtoto.

Katika mwaka wa tatu wa Chama hiki, Mwalimu Mkuu wa shule iliyo jirani na ghala letu alitujia ofisini na daftari la mahudhurio mkononi. Hakusema mengi. Alilifungua mezani mbele yetu, akatuonyesha ukurasa wa mwezi wa Novemba. Mistari ya wavulana wa darasa la nne na la tano ilikuwa imejaa alama za kutokuwapo, wiki mbili mfululizo, tangu siku ile mvua iliponyesha. Akauliza, "Katibu, Chama chenu kinafundisha ng'ombe au kinafundisha watoto kuwa ng'ombe?" Tulitahayari. Tulimwahidi kwamba tutatafuta mwalimu wa maksai, ili jozi za wanachama zijifunze kwenda bila kuvutwa. Nia ilikuwa njema. Sasa sikilizeni jinsi tulivyoitimiza.

Katika mwaka wa nne tulimpata mwalimu mmoja aliyesifiwa sana. Jina lake hatutalitaja, wala mahali alipotoka. Alikuja na gari, na nyuma ya gari mlikuwa na sanduku kubwa la bati. Ndani yake mlikuwamo nira ya chuma iliyovikwa mpira, hatamu ya minyororo midogo ya kubana taya, koleo ya kukamata pua, mkanda wa kufunga mguu, na fimbo ya umeme wa betri. Kila chombo kilikuwa na jina lake na kazi yake, na kila kazi ilikuwa na somo lake. Alitufundisha kwa siku tatu katika uwanja wa mnada. Jozi yake ilikwenda ikirudi kama askari wa gwaride. Ikasimama kwa neno moja. Ikageuka bila kuguswa. Watu walipiga makofi, na sisi wa ofisini tulipiga makofi kuliko wote.

Jambo moja hatukuliangalia, nalo lilikuwa wazi kama jua la mchana. Jozi ile ilikuwa yake mwenyewe. Alikuja nayo katika lori la pili. Ng'ombe wetu sisi, wale waliofungwa kando ya uwanja wakingoja zamu yao, waliguswa siku ya tatu tu, jioni, kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Mmoja wao alipokataa kuvuta, mwalimu alisema kwamba amekataa kwa sababu amefungwa nira ya mti, na kwamba angefungwa nira ya chuma asingekataa. Nasi tuliamini.

Jioni ile ile ofisi yetu iliandika karatasi ya kuagiza seti 40. Bei ya seti moja ilizidi bei ya dume wa miaka mitatu. Wanachama walikopeshwa, na makato yakakatwa katika malipo ya pamba ya msimu uliofuata. Sahihi iliyo chini ya karatasi ile ni yetu. Iko katika jalada hata leo. Yeyote apendaye kuiona na aje ofisini.

Msimu ulipoanza, habari zikaja moja moja. Nira ya chuma ilipata moto juani, na mpira wake ulipotatuka, chuma kikakutana na shingo. Mwanachama mmoja alituletea ng'ombe wake mpaka mlangoni pa ofisi. Shingo ilikuwa imechubuka mbele ya nundu, na kidonda kina nzi. Hakututukana. Alisimama tu na kamba mkononi, akatutazama, kisha akamtazama ng'ombe. Betri za zile fimbo ziliisha, na nyingine kama zile hazikupatikana katika duka lolote la hapa. Ng'ombe waliokwenda kwa kuogopa umeme, umeme ulipokwisha hawakwenda. Hatamu za minyororo zilifungwa na watu wasiojua kuzilegeza, kwa kuwa somo la kulegeza halikufundishwa, au lilifundishwa upesi tukiwa tunapiga makofi. Na pale mbele ya kila jozi, kamba mkononi, alirudi yule yule mtoto wa darasa la nne.

Seti nyingi kati ya zile 40 ziko katika stoo ya Chama. Mwenye kuingia humo kutafuta magunia hujikwaa juu yake.

Pengine mtu atasema kwamba kosa ni la mwalimu yule peke yake. Sisi hatusemi hivyo. Yeye alikuwa mfanyabiashara, akauza alichokuwa nacho. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba ujuzi waweza kufungwa katika sanduku, ukanunuliwa, ukagawanywa kwa wanachama kama mbolea. Kosa hili si la kwetu tu, wala si la leo. Mtuwie radhi tukisafiri nje ya wilaya yetu kidogo, maana habari za walimu wa namna hii zinajulikana zaidi miongoni mwa wafuga farasi.

Huko Marekani mpaka leo wako walimu wa farasi wasafirio. Mwalimu hufika mahali, akakaa siku mbili tatu, watu wakamletea farasi wao, naye akawaonyesha namna ya kuwafunza. Baadhi yao ni mafundi wa kweli. Wengine huuza pia hatamu, kamba na fimbo zenye jina lao, na mwanafunzi arudipo nyumbani hudhani kwamba fimbo ile ndiyo iliyofunza. Mmoja wa walimu wa zamani alikuwa John Solomon Rarey, mtu wa jimbo la Ohio, aliyezaliwa mwaka 1827. Mwaka 1858 alikuwa London, akafanya kazi yake hata mbele ya Malkia Victoria. Alimshika farasi dume aliyeitwa Cruiser, mnyama mkali mno ambaye watunzaji wake walikuwa wakimwogopa, na kwa muda wa saa chache akamfanya atulie. Jiji lote lilistaajabu. Mabwana wakubwa walitoa gini 10 kila mtu ili wafundishwe siri, na wakaweka ahadi kwamba hawataitoa.

Siri yenyewe ilikuwa nini? Sehemu iliyoonekana kwa macho ilikuwa mkanda wa ngozi wa kuukunja na kuufunga mguu mmoja wa mbele, ili farasi asiweze kukimbia wala kupiga teke. Mkanda kama huo mshona viatu yeyote aweza kuushona kabla ya adhuhuri. Mwaka ule ule maelezo yake yalichapwa London katika kijitabu cha bei rahisi, kilichotokana na kile alichokwisha kukiandika Rarey mwenyewe huko kwao. Mwenye kukisoma huona kwamba maneno mengi yahusu tabia ya farasi: hofu yake, udadisi wake, namna ya kumkaribia, namna ya kumwacha anuse kitu asichokijua mpaka aridhike nacho. Mkanda uliweza kununuliwa na kila mtu. Ule utulivu wa mikono ya Rarey haukuwa ukiuzwa. Nasi hatuusifu mkanda wenyewe, kwa maana mnyama aliyefungwa mguu na mtu asiyejua huanguka vibaya, akajifunza jambo moja tu: kumchukia mtu.

Mfano wa pili u karibu zaidi na shamba letu. Tangu miaka ya 1950, wahandisi katika nchi mbalimbali za Afrika na Asia walibuni chombo cha magurudumu cha kukokotwa na maksai, ambacho juu yake huweza kufungwa plau, au jembe la palizi, au mashine ya kupanda, au kitanda cha kuchukulia mizigo. Kwa kukitazama kilikuwa kizuri sana, na katika vituo vya majaribio kilifanya kazi ipasavyo. Mwaka 1988 mtaalamu wa Kiingereza, Paul Starkey, alitoa kitabu kilichokusanya habari za majaribio hayo yote. Aliona kwamba vyombo zaidi ya 10,000 vilikwisha kutengenezwa, vya aina zaidi ya 45, lakini wakulima waliovitumia kwa kazi zote hizo kwa miaka kadhaa walikuwa wachache mno, karibu na bure. Vingi viligeuzwa mikokoteni. Vilikuwa ghali, vizito, vyenye sehemu nyingi za kuharibika, na mkulima aliona kwamba plau yake ya kawaida na mkokoteni wake wa kawaida vinamtosha. Twapenda mkumbuke kwamba waliobuni vyombo vile hawakuwa matapeli. Walikuwa watu wenye elimu na nia njema, nao waliwauliza wahandisi wenzao kwa miaka 30 kabla ya kumwuliza mwenye ng'ombe.

Turudi nyumbani. Baada ya aibu yetu, mjumbe wa chama cha msingi kimoja kilicho mbali na barabara alituambia kwamba kwao yuko mzee afunzaye maksai, na kwamba jozi zake huendeshwa na mtu mmoja. Hatukuamini. Tulipanda pikipiki tukaenda. Tulimkuta mzee amekaa chini ya mti, na hatua kumi mbele yake dume wa miaka mitatu hivi amefungwa kwa kamba ya katani. Tulimwamkia, akaitikia. Tukamwuliza ataanza kazi saa ngapi. Akasema, "Katibu, mwanangu, kazi imeanza tangu alfajiri. Huyu ananizoea."

Tulikaa naye siku ile na nyingine nyingi baadaye, na yafaa tuwaelezeni tuliyoyaona, kwa maana ndiyo yaliyotufungua macho.

Siku za kwanza mzee hakumvuta ng'ombe popote. Alimletea majani, akamkuna chini ya shingo na penye shina la mkia, akamzungukia kwa sauti ya chini. Hakumjia kwa nyuma hata mara moja. Tulipomwuliza sababu, alisema kwamba ng'ombe huona kila upande isipokuwa mgongoni kwake, na kitu asichokiona hukipiga teke. Wataalamu wa mifugo wanasema neno lilo hilo: macho ya ng'ombe yako mbavuni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote, lakini nyuma yake kabisa haoni. Mzee hakusoma jambo hilo popote. Alilisoma katika paja lake, lenye kovu.

Ilipofika zamu ya kamba, tuliona kitu ambacho katika uwanja wa mnada hakikuonekana. Mzee aliikaza kamba kidogo tu, akangoja. Hakuvuta zaidi, hakupiga. Ng'ombe alitikisa kichwa, akarudi nyuma, akasimama, kisha akainua mguu mmoja. Pale pale, kabla mguu haujatua, kamba ikalegea. Akaikaza tena, akangoja, mguu ukainuka, kamba ikalegea. Hakika hilo ndilo somo lote. Ng'ombe hafundishwi na kamba inayokazwa. Hufundishwa na kamba inayolegezwa kwa wakati wake. Mwenye kuchelewa kulegeza, hata kwa pumzi mbili, amemfundisha ng'ombe kwamba kutii hakuna faida. Hatamu yetu ya minyororo ilijua kukaza tu.

Maneno yalikuwa matatu, ya kwenda, ya kusimama na ya kugeuka, na mzee alimkataza mwenye ng'ombe kuyachanganya na matusi. Alisema kwamba mtu akipiga kelele mchana kutwa, ng'ombe hawezi kujua ni kelele ipi yenye maana. Kisha dume alifungwa nira ya mti pamoja na maksai mzee aliyejua kazi, wakatembea bila kukokota chochote. Kisha wakakokota gogo jepesi, kisha gogo zito, kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na kila siku waliachwa kabla hawajachoka. Plau ilifungwa katika wiki ya nne.

Lakini neno lililotuchoma zaidi halikuhusu ng'ombe. Siku ya pili mzee alimpa mwenye ng'ombe ile kamba, naye hakuipokea tena mpaka mwisho. Mwenye ng'ombe alikosea, akakaza mno, akasahau kulegeza, akakasirika. Mzee alimrudisha mwanzo kwa upole kama alivyomrudisha ng'ombe. Tulipomwambia kwamba kazi ingekwenda upesi kama angeshika kamba yeye mwenyewe, alijibu, "Nikiondoka na mkono wangu, huyu atabaki na nini?"

Basi hatusemi kwamba mzee huyu hana ila. Alikataa kuwafundisha wanawake, akidai kwamba ng'ombe hasikii sauti yao. Mama zetu wa chama cha msingi cha pale walimletea jozi yao, wakakaa mpaka akachoka kukataa, na leo jozi yao ni katika zile zinazokwenda bila mtoto mbele. Tena, katika jambo la palizi mzee alikuwa hajui kitu. Yeye alijua kulima tu, na nira zake zote zilikuwa za kulimia.

Hapo ndipo yatupasa kusema neno la haki juu ya vyombo, tusije tukaonekana tunavidharau vyote. Kiko chombo kisichoweza kuachwa. Mwenye kutaka kupalilia kwa maksai kati ya mistari hawezi kutumia nira fupi ya kulimia, kwa kuwa ng'ombe watakanyaga mmea. Jembe la palizi hupita katikati ya mistari miwili, na kila ng'ombe yampasa atembee katika nafasi ya pembeni yake. Kwa hiyo mistari ya mahindi ikiachana sentimeta 75, shingo ya ng'ombe mmoja na shingo ya mwenzake ziachane sentimeta 150. Hesabu hii haipunguzwi na upole wa mtu yeyote. Lakini nira hiyo ndefu ni mti tu. Seremala wa kijiji huichonga kwa siku moja. Vivyo hivyo kikapu cha mdomo, cha kuwazuia wasile mahindi machanga wakati wa palizi, husukwa kwa ukindu au kwa kamba.

Na punda je? Punda hana nundu ya kuegemeza nira. Yeye husukuma kwa kifua, na mkanda wake wapaswa uwe mpana, laini, upite kifuani chini ya koo ili asikabwe. Anayemfunga punda nira ya ng'ombe, kisha akasema punda ni mvivu, amkosea mnyama yule. Tena punda wamekuwa wa shida. Walipungua sana kwa ajili ya biashara ya ngozi zao, hata Serikali yetu ikaja kuipiga marufuku mwaka 2022, na wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakapatana mwezi wa Februari 2024 kuizuia barani kote kwa miaka 15. Punda aliyeharibiwa kifua kwa matandiko mabaya hapatiwi mwingine kwa urahisi.

Tofauti, kwa maoni yetu, ni hii. Nira ndefu na mkanda wa kifua vimefanywa kwa ajili ya umbo la mnyama na nafasi ya mmea. Fimbo ya umeme na koleo ya pua zilifanywa kwa ajili ya mtu asiyejua la kufanya. Mwenye kuchunguza chombo na aulize: siku kikivunjika, ng'ombe atakuwa bado anajua kazi? Nira ikivunjika, ng'ombe aliyefunzwa hungoja nyingine. Zile fimbo zilipokufa, tuliyaona yaliyotokea. Tusisahau pia kwamba tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na aliyemtia mnyama mateso yasiyo na sababu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba chombo kile aliuziwa na Chama.

Sasa tuje katika shauri la leo. Mezani kwa Mwenyekiti yako maombi mawili ya walimu wanaotaka kazi ya msimu ujao. Yote mawili yameandikwa vizuri, na mojawapo lina picha za rangi. Ofisi yetu haitawaambieni mlichague lipi. Sauti yetu katika jambo hili tulikwisha kuitumia mara moja, na makato yake mlilipa ninyi. Tutakalofanya ni kuwaelezeni tuliyoyauliza safari hii, ambayo katika mwaka wa nne hatukuyauliza.

Kwanza tuliwaandikia wote wawili kwamba hakuna atakayekuja na ng'ombe wake. Watafanya kazi na madume ya wanachama, wasiopata kufungwa nira, kwa kamba na nira walizo nazo wanachama nyumbani. Mmoja alikubali kwa barua ya mistari minne. Wa pili alijibu kwa kurasa tatu, mwishoni akakubali. Tuliwataka pia watupe majina ya vijiji walikofundisha miaka miwili iliyopita. Wajumbe wawili wa Halmashauri walikwenda huko bila kutoa habari, wakati wa kulima, wakahesabu watu walio nyuma na mbele ya kila jozi. Taarifa yao mtasomewa. Hatukuona sababu ya kuwauliza wanafunzi kama walimpenda mwalimu. Sisi nasi tulimpenda yule wa kwanza.

Kisha liko swali la mapato. Mwalimu anayelipwa kwa kufundisha na kulipwa tena kwa kuuza vyombo ana mabwana wawili, na wa pili ndiye anayelipa zaidi. Katika mkataba tuliouandika, mwalimu haruhusiwi kumwuzia mwanachama chochote katika muda wa mafunzo. Akiona kwamba chombo fulani chahitajika, ataandika sababu, na sababu hiyo itajadiliwa katika mkutano wa chama cha msingi, nasi tutamwita seremala na mhunzi wa hapa waseme kama wanaweza kukitengeneza.

Muda nao tumeugawanya. Siku tatu hazimfunzi ng'ombe, ingawa zatosha kumfunza mtu namna ya kuanza. Kwa hiyo mwalimu atakuja siku tatu, ataondoka, na wenye ng'ombe watafanya kazi peke yao wiki tatu. Kisha atarudi siku tatu nyingine kusahihisha. Sehemu kubwa ya ujira wake italipwa safari ya pili. Mmoja wa waombaji alilalamikia sharti hili. Tulimweleza kwamba wanachama wetu nao hulipwa baada ya pamba kupimwa.

Jambo moja halimo katika mkataba, kwa sababu hatujui namna ya kuliandika, na kwa hilo twawategemea ninyi wenye macho. Mtazameni mwalimu pale ng'ombe atakapokataa. Ng'ombe atakataa, hilo halina shaka. Angalieni kama mwalimu atatazama mnyama au atatazama watu. Angalieni mkono wake unalegea lini. Na mwenye ng'ombe atakapouliza swali la kijinga, kama tulivyouliza sisi mara nyingi chini ya ule mti, sikilizeni atajibiwaje.

Zile seti zilizo katika stoo, Halmashauri imekubali zivunjwe. Chuma chake atapewa mhunzi kutengeneza vidato vya plau na minyororo, na thamani yake itarudishwa kwa wanachama 40 waliokatwa fedha, kwa mafungu, kuanzia malipo ya msimu huu. Haitafikia kile walichotoa. Ofisi imeandika tofauti iliyobaki katika vitabu kama deni la Chama kwao, na Mkaguzi ameona.

Yule Mwalimu Mkuu aliyetuletea daftari amekwisha kustaafu, lakini leo yuko nasi, amekaa pale safu ya tatu. Mwaka uliopita tulimwomba mwenzake aliyeshika nafasi yake atupe hesabu ya Novemba. Katika vijiji viwili alikofundisha mzee, alama za kutokuwapo zimepungua. Katika vijiji vingine vyote, ziko vile vile.

Madume sita wamefungwa nyuma ya ghala, chini ya miembe. Ni wa wanachama wa vyama vitatu vya msingi, na hakuna hata mmoja aliyepata kufungwa nira. Baada ya chakula, saa tisa kamili, mwombaji wa kwanza ataanza. Walioleta nira zao na waziweke karibu na mizani, na watoto wasikae nyuma ya ng'ombe.